Ziwa Lililofukiwa: Matembezi katika Mji wa Lahaina

Mji wa Lahaina umo katika pwani ya magharibi ya kisiwa cha Maui, katika visiwa vya Hawaii, ambavyo ndivyo pembe ya kaskazini ya ulimwengu wa Wapolinesia. Kwa miaka mingi mgeni aliyeshuka hapo alipewa ramani ya njia ya kihistoria yenye vituo zaidi ya 60, kila kimoja na kibao chake, akazunguka kwa miguu kutoka bandarini hadi gerezani, na kutoka nyumba ya daktari mmishenari hadi makaburini. Njia hiyo ilisimamiwa na taasisi ya uhifadhi iliyoanzishwa mwaka 1962, mwaka ule ule ambao serikali ya Marekani iliutangaza mji mkongwe kuwa alama ya historia ya taifa. Tarehe 8 Agosti 2023 moto ulioendeshwa na upepo mkali ulipita humo mchana mmoja na usiku wake. Watu 102 walikufa, na majengo zaidi ya 2,200 yakateketea, pamoja na sehemu kubwa ya vile vilivyokuwa vikionyeshwa kwa wageni.

Sasa mji unajengwa upya, na waujengao hawawezi kukwepa swali la nini kirudishwe. Jibu lililo jepesi ni kurudisha kilichokuwapo asubuhi ya siku ile. Lakini Lahaina ya asubuhi ile ilikuwa imesimama juu ya Lahaina nyingine, na njia ya matembezi iliijua hiyo nyingine kwa kuigusa ukingoni tu. Yafaa njia hiyo ipitwe tena, taratibu, kwa kutazama zaidi pale ambapo wageni wengi hawakusimama.

Matembezi yalianzia chini ya mti mkubwa uliopo mbele ya mahakama ya zamani, karibu na gati. Ni mti wa jamii ya mkuyu kutoka India, ule ambao matawi yake hushusha mizizi hewani hadi ikashika ardhi na kugeuka vigogo vipya. Ulipandwa na mkuu wa polisi William Owen Smith tarehe 24 Aprili 1873, kuadhimisha miaka 50 tangu wamishenari wa Kiprotestanti wafike Lahaina. Siku hiyo haukupita futi nane kwa urefu. Baadaye ukatandaza kivuli chake juu ya uwanja mzima. Moto wa 2023 uliubabua mpaka watu wakaukatia tamaa, kisha wiki chache baadaye ukachipua. Magazeti ya dunia yaliufanya kuwa ishara ya mji. Hakuna wa kuulaumu mti kwa hilo, ila ni vyema ikumbukwe kwamba ni mti wa kigeni, uliopandwa kwa kumbukumbu ya wageni.

Kivuli cha kale cha Lahaina kilikuwa cha mti mwingine. Jina la zamani la mahali hapo ni Lele, na sifa yake iliyohifadhiwa katika lugha ya Kihawaii ni Malu ʻUlu o Lele, yaani kivuli cha mishelisheli ya Lele. Msomaji wa Unguja au Pemba hahitaji kufafanuliwa mshelisheli ni mti gani, kwani anao nyuma ya nyumba. Pengine hakuwahi kuulizwa tu ulikotoka. Jina lake la Kiswahili laelekeza Shelisheli, lakini asili ya mti huo ni Pasifiki, na waliousambaza kisiwa kwa kisiwa ni mabaharia wa Kipolinesia waliosafiri na vichipukizi vyake katika ngalawa zao. Lahaina ulikuwa mji wa mishelisheli, minazi, migomba na majaluba ya magimbi yaliyonyweshwa kwa mifereji.

Hapo pana jambo la kustaajabisha, kwani Lahaina yenyewe ni mahali pakavu. Milima huikinga na mawingu, na jua lake ni kali kiasi kwamba jina la sasa la mji hufasiriwa mara nyingi kuwa ni jua katili. Lakini juu ya mji, kilomita chache tu, kuna kilele cha Puʻu Kukui, mojawapo ya mahali panaponyeshewa zaidi duniani, ambapo mvua hufikia takriban mita tisa kwa mwaka. Maji hayo yaliteremka kwa mito ya Kauaʻula, Kanahā na Kahoma, yakagawanywa katika majaluba, yakakusanyika uwandani, ndipo yakaingia baharini. Ardhi iligawanywa kwa vipande vinavyoanzia mlimani na kuishia kwenye mwamba wa bahari, ili kila jamii ipate kuni, magimbi na samaki pamoja. Katika Kihawaii maji matamu ni *wai*, na mali ni *waiwai*. Neno la sheria, *kānāwai*, nalo lina maji ndani yake. Mji mkavu uliokuwa na maji tele: hiyo ndiyo siri ya Lahaina, na pia ndiyo sababu machifu wa Maui waliuchagua kuwa makao yao.

Nyuma ya gati, ukingoni mwa bahari, mgeni alionyeshwa jiwe liitwalo Hauola, lililo mfano wa kiti, ambapo wanawake wa ukoo wa kichifu waliaminiwa kujifungulia, na wagonjwa kuja kuogeshwa na mawimbi. Hatua chache kutoka hapo palikuwa na misingi ya nyumba ya matofali ambayo Kamehameha wa Kwanza, mfalme aliyeviunganisha visiwa vyote, alijengewa mwanzoni mwa karne ya 19 na wafungwa wawili waliotoroka Australia. Alimkusudia Kaʻahumanu, mke wake kipenzi, naye Kaʻahumanu akapendelea kuendelea kulala katika nyumba ya nyasi. Kwa joto la Lahaina, hakukosea.

Kutoka hapo njia iliingia katika hadithi iliyopendwa kuliko zote, ile ya wavuvi wa nyangumi. Meli zao zilianza kufika Hawaii mwaka 1819, na katika miaka ya 1840 mamia yao yalikuwa yakitia nanga Lahaina kila mwaka, kwa maji matamu, viazi, nyama na starehe. Nyingi zilitoka New England, pwani ile ile ya Marekani ambako wafanyabiashara wa Salem, katika miaka hiyo hiyo, waliileta Zanzibar nguo iliyobaki na jina la kwao, marekani. Bahari mbili ziliguswa na mji mmoja wa wachuuzi na jirani zake, mmoja akitafuta pembe na gundi, mwingine akitafuta mafuta ya taa.

Machifu wa Lahaina walikuwa wamekwisha kupokea mafundisho ya wamishenari, wakapiga marufuku wanawake kwenda melini. Mwaka 1825 mabaharia wa meli ya Kiingereza iitwayo Daniel waliizingira nyumba ya mmishenari William Richards wakidai sheria hiyo iondolewe. Mwaka 1827 meli nyingine, John Palmer, ilirusha mizinga kuelekea nyumba hiyo hiyo. Gavana Hoapili akajenga ngome ya mawe ya matumbawe mbele ya bandari, na katika miaka ya 1850 ngome ilipovunjwa mawe yake yalichukuliwa kujengea ukuta wa gereza la Hale Paʻahao. Waliofungwa humo wengi walikuwa mabaharia waliotoroka meli zao, walevi, waliofanya kazi siku ya Jumapili na waliokimbiza farasi ovyo barabarani. Wageni walilipenda gereza hili. Walipendezwa pia na meli ya maonyesho iliyofungwa gatini kwa miaka mingi mfano wa meli za enzi hizo, nayo kwa kweli ilikuwa jahazi la chuma kutoka Ulaya, la karne ya 20. Mwaka 2005 ilizamishwa baharini makusudi iwe makazi ya samaki.

Enzi ya nyangumi haikudumu. Mafuta ya petroli yaligunduliwa Pennsylvania mwaka 1859, vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vikazimaliza meli nyingi, na mwaka 1871 meli 33 zilinaswa na barafu ya kaskazini zikaachwa huko. Miongo minne au mitano, basi. Hata hivyo ndiyo iliyochukua vibao vingi, majina ya mikahawa na michoro ya fulana, kwa sababu ilikuwa hadithi ambayo mgeni kutoka bara la Marekani alijiona ndani yake.

Wamishenari walipata sehemu yao pia. Nyumba ya daktari Dwight Baldwin, iliyojengwa katikati ya miaka ya 1830, ilihesabiwa kuwa miongoni mwa nyumba kongwe zaidi kisiwani mpaka moto ulipoiangusha. Baldwin anastahili kutajwa kwa heshima: ndui ilipoingia visiwani mwaka 1853 na kuua maelfu Oʻahu, yeye alizunguka Maui akichanja watu, na waliokufa Maui wakawa wachache. Lakini kazi kubwa kuliko zote ya wamishenari haikuwa barabara ya chini. Ilikuwa juu mlimani, katika shule ya Lahainaluna iliyofunguliwa Septemba 1831, ambako wanafunzi wenyewe walijenga majengo na kulima chakula chao. Shuleni hapo lilichapwa tarehe 14 Februari 1834 gazeti la Ka Lama Hawaii, la kwanza katika visiwa hivyo, nalo lilikuwa kwa Kihawaii. Taifa ambalo mwaka 1820 halikuwa na maandishi ya lugha yake likawa, katika muda wa kizazi kimoja, taifa la wasomaji. Watu waliosoma Lahainaluna walishiriki kuandika tamko la haki la 1839 na katiba ya 1840, ambazo Kamehameha wa Tatu alizitoa ili ufalme wake utambuliwe na mataifa yaliyokuwa yakiutamani.

Mmoja wa wanafunzi wa kwanza alikuwa David Malo. Aliingia shule akiwa mtu mzima, tayari akiwa amebeba kichwani nasaba na desturi za watu wake, akaziandika katika kitabu chake Moʻolelo Hawaiʻi. Katika barua ya 1837 aliwaonya wakuu kuwa samaki wakubwa watakuja kutoka bahari za giza na kuwameza wadogo. Alipofariki mwaka 1853 alizikwa, kwa wasia wake, juu ya kilima kilicho nyuma ya shule, mahali ambapo mafuriko ya wageni yasingemfikia. Nyumba ya uchapaji ya shule, Hale Paʻi, na shule yenyewe vilinusurika mwaka 2023, kwani moto uliteremka mtelezo kuelekea baharini.

Kusini mwa mji, mbali na maduka, palikuwa na kituo ambacho wengi walifika wakiwa wamechoka: kanisa la Waiola, yaani maji ya uzima, na makaburi yake. Zamani liliitwa Waineʻe, maji yaendayo. Upepo unaoshuka kutoka bonde la Kauaʻula, ambao wenyeji wanaujua kwa jina la bonde hilo, uliling'oa paa mwaka 1858. Likaungua mwaka 1894, likaungua tena 1947, likabomolewa na upepo 1951, na kila mara likajengwa. Mwaka 2023 upepo na moto vilikuja pamoja.

Amezikwa hapo Keōpūolani, mwanamke wa damu ya juu kabisa katika visiwa vyote, aliyewazalia wafalme wawili, na aliyehamia Lahaina mwaka 1823 akabatizwa saa chache kabla ya kufa. Amezikwa pia binti yake Nāhiʻenaʻena. Nāhiʻenaʻena na kaka yake Kauikeaouli, aliyetawala kwa jina la Kamehameha wa Tatu, walipendana. Kwa mila ya machifu wakubwa ndoa ya kaka na dada wa damu hiyo ilikuwa kilele cha utukufu, na kwa wamishenari ilikuwa dhambi isiyotajika. Alivutwa na pande mbili tangu utotoni, akajifungua mtoto aliyeishi saa chache, na tarehe 30 Desemba 1836 akafa, hajafikia miaka ishirini na miwili.

Mfalme hakumzika kanisani. Alimpeleka Mokuʻula.

Ng'ambo ya barabara, karibu na makaburi ya Waiola, kuna uwanja wa michezo. Kabla ya moto mgeni aliona hapo nyasi, kiwanja cha besiboli, maegesho ya magari na kibao kimoja. Chini ya uwanja huo limo ziwa la Mokuhinia, lililokuwa na ukubwa wa takriban ekari 17, na katikati yake kisiwa kidogo cha ekari moja, Mokuʻula. Huko ndiko kulikuwa moyo wa Maui. Ziwani aliishi Kihawahine, binti wa chifu Piʻilani aliyekuwa mtawala wa kisiwa kabla ya kuja Wazungu. Alipokufa aligeuzwa *moʻo*, kiumbe mfano wa kenge mkubwa anayelinda maji matamu. Aliyelelewa pwani akionywa juu ya chunusi asije akaoga peke yake ataelewa hofu ya namna hiyo, ila Kihawahine hakuwa jini wa kukwepwa tu. Alikuwa bibi wa ukoo, na Kamehameha wa Kwanza alipoishinda Maui alijitahidi kumwingiza miongoni mwa miungu yake mwenyewe, kwa kuwa hakuna aliyeweza kuitawala Maui bila idhini yake.

Kamehameha wa Tatu alijenga kisiwani humo kaburi la mama yake, la dada yake na la mtoto, akaishi kando yao kuanzia mwaka 1837 hadi 1845. Mchana alikuwa mfalme Mkristo mwenye katiba, akipokea mabalozi na manahodha mbele ya bahari. Jioni alirudi katikati ya ziwa la Kihawahine. Kati ya mambo yote yanayosimuliwa juu ya Lahaina hakuna linaloueleza wakati ule vizuri kuliko maisha haya ya pande mbili, na hakuna lililosimuliwa kwa uchache zaidi. Mwaka 1845 makao ya serikali yalihamia Honolulu. Baadaye mifupa ya kifalme ilipelekwa Waineʻe, na ziwa likabaki bila mwenyewe.

Kilichofuata ni habari ya sukari. Kiwanda cha Pioneer Mill kilianzishwa mwaka 1860, na muwa hunywa maji kupita kiasi. Marekebisho ya ardhi ya 1848 yalikuwa yamefungua mlango wa kununua na kuuza mashamba. Kidogo kidogo mito ikageuzwa kwa mifereji na mahandaki kuelekea kwenye miwa. Majaluba ya magimbi yalikauka, mishelisheli ikakatwa. Wafanyakazi waliletwa kutoka China, Japani, Ureno na Ufilipino, nao wakajenga mji wao ndani ya mji: jumba la Wo Hing la Wachina la mwaka 1912, hekalu la Kijapani na sanamu yake kubwa ya Budha iliyowekwa mwaka 1968. Mokuhinia, lililonyimwa mto wake, liligeuka dimbwi. Mbu walizaana humo. Inasimuliwa kwamba mbu hawakuwapo Hawaii mpaka meli iitwayo Wellington iliposuuza mapipa yake ya maji Lahaina mwaka 1826. Kama ndivyo, mji ulimkaribisha adui wa ziwa lake katika kijito chake mwenyewe. Mwaka 1914 ziwa lilifukiwa kwa kifusi, na mwaka 1918 likafanywa bustani ya umma. Ufalme nao ulikuwa umekwisha: Malkia Liliʻuokalani alipinduliwa mwaka 1893, na mwaka 1898 bendera ya Hawaii iliteremshwa mbele ya mahakama ya Lahaina.

Pioneer Mill kilifungwa mwaka 1999. Dohani yake ya futi 225 bado imesimama. Mashamba yaliyoachwa hayakurudishiwa magimbi. Yalivamiwa na nyasi ndefu, nyingi zikiwa za asili ya Afrika, zilizoletwa zamani kwa malisho ya ng'ombe, ambazo zikikauka huwaka kama makuti. Maji yalikwenda kwenye makazi ya watu wenye uwezo na kwenye mahoteli yaliyo kaskazini, huku familia za Kihawaii zilizosalia bondeni Kauaʻula zikipigania mtiririko wa kunyweshea vijaluba vyao. Juni 2022 tume ya maji ya jimbo iliamua kuichukua Maui Magharibi chini ya usimamizi wake maalumu. Miezi 14 baadaye mji uliungua. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2024 ulionyesha kuwa waya wa umeme uliokatika uliwasha nyasi asubuhi, na moto uliodhaniwa umezimwa ukafufuka alasiri. Ving'ora vya hatari havikulia, na wazima moto walipofungua mabomba nguvu ya maji ilikuwa imepungua.

Itakuwa ujinga kudai kwamba ziwa lingeuzuia upepo ule. Wenyeji wa Lahaina hawadai hivyo. Wanachosema ni kwamba nchi iliyolowa iliuzwa ikawa nchi kavu, na kwamba mauzo hayo yana tarehe na wahusika.

Katika miaka ya 1990 wanaakiolojia walifukua sehemu ya uwanja wa besiboli na kuikuta Mokuʻula takriban futi tatu tu chini ya nyasi. Tangu hapo wako watu wa Lahaina walioishi na wazo la kulifungua tena ziwa, na baada ya moto kazi hiyo imeingizwa katika mipango ya kaunti ya kuujenga upya mji. Kuondoa kifusi si jambo gumu. Lakini ziwa linahitaji mto, na mto ni ule ule wa Kauaʻula, unaodaiwa na wakulima wa bondeni, na wenye nyumba za mtelemkoni, na sasa na maelfu ya familia zinazotaka kurudi zilikotoka. Kila ndoo itakayofika Mokuhinia itabidi kwanza ipite mbele ya mizani hiyo. Kwenye ramani ya zamani ya matembezi, kituo hicho kilikuwa kimoja kati ya zaidi ya 60.